Nani Atamsindikiza Kijana?

Katika mila za watu wetu hapana tendo dogo lenye heshima kubwa kama kusindikiza. Mgeni akiaga, mwenyeji huinuka pamoja naye, humchukulia mzigo wake hadi njia panda, na huko huagana mara mbili tatu kabla ya kuachana. Bibi arusi husindikizwa kwa nyimbo na vigelegele. Maiti husindikizwa na kijiji kizima, hata na wale waliokuwa hawasemezani naye alipokuwa hai. Mtoto aanzaye shule hushikwa mkono siku ya kwanza. Ni dhahiri kwamba kwetu sisi mtu haachwi peke yake pale anapotoka katika hali moja na kuingia katika hali nyingine.

Basi twauliza: kijana akili yake inapoanza kumponyoka, nani humsindikiza? Ndugu ni wengi, na wote wanampenda. Lakini siku ya kwenda kwa tabibu, njia panda huwa tupu.

Katika makala haya tunadai jambo moja tu. Msaada wa ukoo kwa kijana mwenye ugonjwa wa akili usipimwe kwa wingi wa machozi wala kwa wingi wa ng'ombe waliouzwa. Upimwe kwa hatua ambazo ndugu wametembea pamoja naye kuelekea penye matibabu. Ukoo ndio mlango ambao kijana hupitia. Mlango uleule waweza kumfungulia njia, na waweza kumfungia ndani. Anayesifu undugu wetu bila kuuliza mlango huo umefunguliwa au umefungwa, huyo anasifu jina tu.

Tuichukue Kisesa iwe kioo chetu. Kisesa iko katika wilaya ya Magu, kiasi cha kilomita 20 mashariki ya jiji la Mwanza, kando ya barabara kuu iendayo Musoma. Ni mahali panapofaa kwa mjadala wa utamaduni, kwa kuwa hapo Bujora ndipo lilipo jumba la makumbusho ya Wasukuma. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alianza kazi yake hapo katika miaka ya 1950, na kwa kushirikiana na wazee wa Kisukuma zikahifadhiwa ngoma, viti vya watemi, zana za mhunzi na vifaa vya mganga wa jadi. Kila mwaka mwezi Juni hufanyika sherehe ya Bulabo, na Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma zao kama walivyofanya babu zao. Wanafunzi hupelekwa huko kwa mabasi, wakaandika katika madaftari yao kwamba huo ndio utamaduni.

Hatuna ugomvi na ngoma. Lakini kuna kitu ambacho hakiwezi kuwekwa katika kabati la kioo. Nacho ni shikome, ule moto uliokokwa jioni uani mwa kaya, wazee na vijana wa kiume wakauzunguka, wakala pamoja na kuzungumza. Shikome haikuwa mahali pa kuota moto tu. Hapo mzee alimtazama kijana usoni kila jioni. Kijana aliyesukuma ugali pembeni siku tatu mfululizo alionekana. Aliyeacha kucheka alionekana. Aliyeanza kunong'ona na mtu asiyekuwapo alionekana pia. Kwa mama zao na bibi zao, jikoni na kisimani, wasichana walitazamwa vivyo hivyo.

Tusije tukadanganyana, hata hivyo. Shikome ilimwona mgonjwa, lakini si kila mara ilimwelewa. Wapo vijana waliochapwa kwa kuitwa wavivu, kumbe walikuwa wagonjwa. Wapo walioitwa wachawi. Lililo jema katika mila hiyo ni jicho lililotazama. Lililo baya ni hukumu iliyotangulia maarifa. Kazi yetu leo ni kulirudisha lile jicho na kulipa maarifa.

Maarifa hayo ni haya. Shirika la Afya Duniani linatueleza kwamba theluthi moja ya magonjwa ya akili huanza kabla ya mtu kutimiza umri wa miaka 14, na mengi hayagunduliwi wala kutibiwa. Miaka 14 ni umri wa kuingia shule ya sekondari. Maana yake ni kwamba ugonjwa huu hauwangoji watu wazima. Huingia darasani pamoja na daftari na kalamu. Nao hauji ukipiga mbiu. Kijana aliyekuwa hodari huanza kushindwa hesabu. Usingizi humhama, au humzidi. Hujitenga na wenzake, huacha kuoga, hukasirika bila sababu ionekanayo. Mwingine hupatwa na sonona, huzuni nzito isiyoondoka asubuhi wala jioni, hata akaona kufa ni afadhali. Mwingine husikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Sisi wazazi huyapa mambo hayo majina mepesi: ni jeuri, ni bangi, ni mapenzi, ni kutupiwa jini. Tukiishapata jina, twaona tumepata dawa.

Tunawafahamu vijana wawili wa upande ule wa ziwa. Majina yao si ya kuandikwa, lakini habari zao zifaa kusemwa.

Wa kwanza alikuwa mvulana wa kidato cha tatu. Alianza kukaa ameelekea ukutani, akisema kwamba redio ya jirani inamtaja. Nyumba yao ilikuwa na watu wengi na mapenzi mengi. Walikutana usiku wakakubaliana kwamba jambo lile lisitoke nje. Akawekwa katika chumba cha uani, na majirani wakaambiwa kwamba amekwenda Geita kwa mjomba wake. Ng'ombe mmoja alikwenda kwa mganga wa kwanza, wa pili kwa mganga wa pili, na wa tatu kwa mtu aliyejiita nabii. Kijana alipozidi, alifungwa kamba. Katika muda wa miaka miwili hakukosa chakula hata siku moja, wala nguo safi. Alikosa nauli ya kilomita 20. Siku alipofikishwa hospitali, alama za kamba zilikuwa zimekwisha kuwa makovu mikononi, na akili ilikuwa imekwenda mbali kiasi ambacho kuirudisha kulikuwa kazi ya miaka.

Wa pili alikuwa msichana. Bibi yake ndiye aliyemwona kwanza. Aliona kwamba mjukuu ameacha kusuka nywele, na kwamba usiku hukaa mlangoni akilitazama giza. Bibi yule hakujua kusoma, wala hakuwa na jina la ugonjwa. Alimwuliza mjukuu kwa utani, kama bibi na mjukuu wanavyoweza kuulizana mambo ambayo baba hawezi kuyauliza. Msichana akalia, akasema. Asubuhi ile ile bibi akajifunga kanga, wakapanda daladala pamoja, wakaketi pamoja katika benchi la hospitali tangu asubuhi hata mchana. Baba mdogo alikasirika. Alisema kwamba habari hizi zikijulikana hakuna atakayetoa ng'ombe kwa ajili ya binti huyu. Bibi akamjibu kwamba ng'ombe hawaolewi. Kila mwezi walikwenda pamoja. Msichana hakupona kwa siku moja. Mara mbili alirudi nyuma, na mara mbili bibi alipanda daladala naye tena. Leo analima mpunga wake na kulea mtoto wake.

Msomaji atambue kwamba tofauti ya nyumba hizi mbili si upendo. Pengine nyumba ya kwanza ilitoa mali zaidi na machozi zaidi. Tofauti ni kwamba msaada wa nyumba ya kwanza uliishia mlangoni, na msaada wa bibi ulivuka mlango. Msaada unaoficha hujiona kuwa ni ulinzi, kumbe ni kifungo. Wahenga walikwisha kutuonya: mficha maradhi kifo humwumbua.

Sasa tugeuke tuwajibu wapinzani wetu, nao ni wa makundi mawili.

Kundi la kwanza husema kwamba hospitali za wagonjwa wa akili ni mambo ya kigeni, na kwamba Mwafrika hutunzwa na ukoo wake, basi. Watu hawa hupenda kutukumbusha kwamba Mwalimu Nyerere, katika kijitabu chake cha mwaka 1962, aliuweka ukoo kuwa msingi wa ujamaa. Ni kweli aliuweka. Lakini msingi hujengewa nyumba juu yake, haulaliwi. Ukoo usiojifunza lolote tangu enzi za babu si msingi, ni gofu. Tena tukumbuke kwamba mwaka huohuo taifa letu changa liliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Waasisi wetu waliweka utamaduni na vijana katika wizara moja. Utamaduni usiomwokoa kijana umesahau jirani yake wa tangu mwanzo.

Hata hivyo, kundi hili lina chembe ya haki. Wagonjwa wa akili walipoanza kukusanywa mahali pamoja katika nchi yetu, palikuwa mbali na kwao. Wamisionari wa Kijerumani walianza kuwatunza Lutindi, katika milima ya Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20. Katika miaka ya 1920 serikali ya Kiingereza ikajenga Mirembe huko Dodoma. Mtu wa Kisesa aliyepelekwa Mirembe alitengwa na ukoo wake kwa mamia ya kilomita. Ndugu waliachwa nyuma, na wengi waliona kwamba wamemzika mtu aliye hai. Ndiyo sababu jina Mirembe, ambalo lingepaswa kuwa jina la tiba, limegeuzwa kuwa tusi midomoni mwa watoto. Kosa la ukoloni halikuwa kujenga hospitali. Kosa lilikuwa kujenga hospitali isiyo na nafasi ya ndugu.

Kundi la pili ni la baadhi ya wasomi wetu. Hao husema kwamba ukoo ni ujinga mtupu, ni waganga na majini, na kwamba mgonjwa aondolewe mikononi mwao akabidhiwe wataalamu. Tunawajibu kwa mfano wa Mwafrika mtaalamu kuliko wao. Mwaka 1954 Daktari Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria alianzisha mpango wake huko Aro, karibu na mji wa Abeokuta. Badala ya kuwafungia wagonjwa wote katika wodi, aliwapangia makazi katika vijiji vya jirani. Sharti lake lilikuwa kwamba mgonjwa aje na ndugu mmoja angalau, wa kumpikia, kumfulia na kumfuata hospitali. Dawa ilitolewa na daktari, kusindikiza kukafanywa na ukoo. Katika nchi yetu pia vilianzishwa vijiji vya kilimo ambamo wagonjwa waliotoka hospitali waliishi na kushika jembe kabla ya kurudi kwao.

Na si Aro peke yake. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 Shirika la Afya Duniani liliwafuatilia wagonjwa wenye maradhi mazito ya akili katika nchi tisa. Miaka ilipopita ikaonekana kwamba wagonjwa wa Ibadan katika Nigeria na wa Agra katika India walikuwa na nafuu kuliko wengi wa nchi tajiri. Wataalamu wangali wanabishana juu ya sababu zake, lakini wengi wao huutaja ukoo: mgonjwa alikuwa na mahali pa kurudi, na kazi ya kufanya, na mtu wa kumwita kwa jina lake. Basi asiyeutaka ukoo katika tiba anaitupa dawa ambayo hatuinunui kwa fedha za kigeni.

Na waganga wa jadi je? Tusiwatukane. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inawatambua, na wananchi walikwisha kuwatambua zamani. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba karibu nusu ya watu waliokwenda kwa waganga wa jadi walikuwa na matatizo ya akili, ilhali katika vituo vya afya walikuwa karibu robo. Maana yake ni kwamba uani kwa mganga mna wagonjwa wetu wengi kuliko katika zahanati. Mganga mwema hujua mwisho wa uwezo wake, akasema: huyu mpelekeni hospitali. Huyo ni mwenzetu. Lakini mganga anayefunga mtu kwa kamba, anayesema dawa za hospitali zitamwua, na anayedai ng'ombe wa nne baada ya watatu kushindwa, huyo si mlinzi wa mila, ni mnyang'anyi aliyevaa mila.

Wapo watakaosema kwamba tunataka yasiyowezekana, kwamba aibu ni kitu kizito na haiondoki. Tunawaambia waitazame Kisesa yenyewe. Tangu mwaka 1994 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu wamekuwa wakifuatilia afya za wananchi wa Kisesa, hasa kwa sababu ya UKIMWI. Sisi tulio na umri huu twakumbuka jinsi ugonjwa ule ulivyofichwa. Ulitajwa kwa mafumbo, na wagonjwa walifia vyumba vya uani. Dawa za bure zilipoanza kutolewa nchini mwaka 2004, wagonjwa wa kwanza wa Kisesa waliagizwa kwenda Bugando, jijini Mwanza. Nauli iliwashinda wengine, na hofu ya kuonekana iliwashinda wengine. Lililosaidia ni kusindikizwa: jirani au ndugu aliyekubali kupanda gari pamoja na mgonjwa na kumkumbusha dawa zake. Baadaye huduma ikasogezwa hata ikafika Kisesa kwenyewe. Aibu ile haikuisha yote, lakini ilipungua. Kama tuliweza kuupunguza uzito wa aibu ya UKIMWI, kwa nini tushindwe kwa sonona?

Hapa hatuna budi kusema na upande wetu pia, sisi tulio watumishi wa serikali. Si haki kuuhubiria ukoo maskini habari ya hatua huku njia yenyewe ni ndefu. Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, ina idara ya magonjwa ya akili, lakini hospitali moja ya rufaa haiwezi kuwa zahanati ya kanda nzima. Mkulima wa pamba akipoteza siku nzima kila mwezi, pamoja na nauli za watu wawili, kusindikiza kwake kuna bei. Wala kusogeza huduma si ndoto. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi yetu ilifanya majaribio katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, watumishi wa vituo vya afya na zahanati wakafundishwa kuwatambua na kuwatibu wagonjwa wa akili papo hapo walipo. Tulikwisha kuonyesha kwamba yawezekana. Lililobaki ni kufanya kila mahali tuliyoyafanya kwa majaribio. Ukoo umsindikize kijana, na serikali ifupishe njia. Mmoja asiufanye uzembe wa mwenzake kuwa kisingizio.

Tuna neno kwa walimu. Baada ya shikome kuzimika, jicho la mwalimu ndilo linalomtazama kijana kila siku. Mwanafunzi akibadilika, usianze na fimbo. Andika siku ulizoona mabadiliko, mwite mzazi, umwambie ulichokiona bila kukipa jina. Usiseme mwanao ni kichaa. Sema: huyu halali, hali, na hasomi kama zamani, naomba twende naye kwa mganga wa kituo cha afya. Neno lenye uzito katika sentensi hiyo ni twende.

Tuna neno kwa wanafunzi pia. Ninyi huwajua wenzenu kabla ya sisi kuwajua. Mwenzako akikwambia kwamba hataki kuishi, hiyo si siri ya kutunza; mwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyohiyo, nawe usimwache mwenzako peke yake. Tena yaangalieni maneno yenu. Mnapoitana wehu kwa mchezo, yupo mmoja katika darasa lenu asiyecheka. Huyo alikuwa amekusudia kuomba msaada kesho. Neno lenu limemrudisha chumbani.

Na kwa wazazi, hasa sisi akina baba, twasema hivi: heshima ya nyumba si kutokuwa na mgonjwa. Hakuna nyumba isiyougua. Heshima ya nyumba ni jinsi inavyomtendea mgonjwa wake. Tukishindwa kuuliza, tumwachie bibi aulize, kwa kuwa mila imempa ulimi ambao sisi hatukupewa. Lakini nauli tuitoe sisi.

Tulizoea kuandika mashairi kabla ya kuzoea kuandika makala, kwa hiyo msomaji atatuwia radhi tukiacha ubeti mmoja:

Mgeni akiondoka, twenda naye njia panda,
Maiti twamzunguka, kaburini tunakwenda,
Kijana akianguka, akili ikimshinda,
Mbona tunajifunika, tukamwacha akakonda?

Swali hilo halijibiwi kwa ubeti mwingine. Linajibiwa asubuhi, barabarani pale Kisesa, daladala la kwenda mjini linaposimama, na watu wawili wa nyumba moja wakapanda pamoja.